Lady Cook wa Mengo na Zamu ya Kumlinda Mzazi

Ye yote aliyepata kushika lindo la usiku anafahamu ya kwamba usingizi wa wenzake umo mikononi mwake. Kikosi hakilali kwa sababu kuna mahema na mablanketi. Kikosi hulala kwa sababu yuko mtu mmoja aliye macho. Mlinzi akisinzia, mapumziko ya wote hugeuka kuwa hatari. Leo tunapenda kuwasimulia wasomaji wetu, askari wa jeshi na wa polisi, maisha ya mwanamke mmoja ambaye hakuvaa sare ya jeshi wala hakubeba bunduki, lakini alilielewa jambo hilo kuliko wengi wetu, akalipeleka katika chumba cha uzazi, papa hapa Kampala. Mwanamke huyo ni Katharine Timpson, aliyekuja kujulikana kwa jina la Lady Cook, wa Hospitali ya Mengo kwenye kilima cha Namirembe.

Mumewe, Sir Albert Cook, anafahamika sana. Maktaba ya madaktari kule Makerere inaitwa kwa jina lake, na vitabu vya historia ya tiba katika Afrika ya Mashariki havikosi kumtaja. Jina la mkewe limebaki kivulini. Hata hivyo, mwanamke wa Uganda anapojifungua mikononi mwa mkunga aliyekwenda shule, kisha akalazwa kitandani huku mtu akija kumshika tumbo, kumpima joto na kutazama damu yake, ameguswa na kazi ya mama huyu. Kwa hiyo inafaa tumfahamu.

KUTOKA LONDON HADI MENGO

Katharine alizaliwa Uingereza katika karne ya 19, akajifunza uuguzi katika hospitali kongwe ya Guy's mjini London. Wakati huo uuguzi ulikuwa umekwisha kubadilika. Zamani kazi hiyo ilidharauliwa, ikaachiwa wanawake wasio na mafunzo. Vita vya Krimea, vilivyopiganwa kati ya mwaka 1853 na 1856, ndivyo vilivyowafungua watu macho. Huko Florence Nightingale na wenzake waliwakuta askari waliojeruhiwa wakifa kwa uchafu na maradhi kuliko kwa risasi. Baada ya vita hivyo kukaanzishwa shule za wauguzi, na usafi, hewa safi, chakula na utulivu vikahesabiwa kuwa sehemu ya dawa.

Kwa upande wa uzazi, fundisho lilikuwa limetoka Vienna. Mwaka 1847 daktari aitwaye Ignaz Semmelweis aliona ya kwamba katika wodi ya wazazi iliyohudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, wanawake walikufa kwa homa ya uzazi kwa wingi kuliko katika wodi ya wakunga. Sababu ilikuwa mikono. Madaktari walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kwa wazazi. Alipowaamuru wanawe mikono kwa maji yenye klorini, vifo vilipungua mno. Wakubwa wa siku zile hawakupenda kusikia ya kwamba mikono yao wenyewe ndiyo iliyoua, na ilichukua miaka mingi fundisho hilo kukubaliwa. Kizazi cha wauguzi alichotoka Katharine ndicho kilicholelewa katika kanuni hiyo: hospitali isiyo safi humwua mzazi upesi kuliko nyumba ya nyasi iliyofagiliwa vema.

Mwaka 1896 Katharine aliondoka Uingereza na msafara wa wamisionari wa Kianglikana wa chama cha CMS. Miongoni mwao alikuwamo daktari kijana, Albert Ruskin Cook, aliyezaliwa London tarehe 22 Machi 1870 na kusoma Cambridge na katika hospitali ya St Bartholomew's. Kutoka Mombasa walipanda bara pamoja na wapagazi, wakati ambapo reli ya Uganda ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kutandikwa pwani. Askari waliopata kutembea mwendo wa siku nyingi na mizigo mgongoni hawahitaji kuelezwa safari hiyo ilikuwaje. Mwezi wa Februari 1897 waliwasili Mengo, mji mkuu wa Kabaka wa Buganda.

Hospitali waliyoianzisha mwaka ule ule ilikuwa nyumba ya miti na nyasi. Daktari alikuwa mmoja na muuguzi aliyesomea mmoja, naye ni Katharine. Mwaka 1900 walifunga ndoa, na mwaka huo huo hospitali kubwa zaidi ikawa tayari. Mwezi wa Novemba 1902 radi ililipiga jengo hilo, likateketea. Wengine wangaliona hiyo kuwa ishara ya kufungasha mizigo na kurudi kwao. Wao walianza upya, na mwaka 1904 hospitali mpya ikafunguliwa.

ASKARI WALIONYIMWA MAPUMZIKO

Hapa hatuna budi kutaja tukio moja ambalo askari ye yote wa Uganda hulisoma katika historia ya jeshi. Mwezi wa Septemba 1897, miezi michache tu baada ya Mengo kupata hospitali, askari wa Kisudani waliotumikia serikali ya Waingereza waliasi wakiwa Eldama Ravine, katika nchi ambayo leo ni Kenya. Walipigana njia nzima hadi wakaishika ngome ya Luba huko Busoga. Dakt. Cook alikwenda kuwahudumia majeruhi wa vita hivyo, akafanya kazi ya daktari wa kikosi.

Maasi yale yalikuwa na sababu nyingi, lakini malalamiko makubwa ya askari wale yanaeleweka kwa urahisi. Walikuwa wamechoka kwa safari zisizo na mwisho. Mshahara wao ulikuwa mdogo tena ulichelewa. Juu ya hayo waliamriwa kusafiri tena na kutengana na wake na watoto wao. Hatusemi ya kwamba uasi ulikuwa halali. Tunasema tu ya kwamba historia ya nchi hii inatuonyesha waziwazi: mtu asiyepumzika, na ambaye nyumba yake haina wa kuiangalia, hana nguvu ya kutumikia. Kama ni hivyo kwa mwanamume mwenye bunduki, itakuwaje kwa mwanamke aliyetoka kujifungua?

Katika Vita Kuu ya kwanza, kati ya mwaka 1914 na 1918, Hospitali ya Mengo iliwapokea askari wagonjwa na majeruhi. Katika vita vya Afrika ya Mashariki maradhi yaliua kuliko silaha, na waliokufa zaidi walikuwa wapagazi, yaani watu waliochoshwa, walioshiba nusu na kulala penye baridi. Fundisho la Krimea lilirudiwa hapa kwetu. Bibi Cook aliliona kwa macho yake.

HALI YA WAZAZI KATIKA BUGANDA

Tusidhani ya kwamba kabla ya Wazungu kufika nchi hii haikujua kumtunza mzazi. Mwaka 1879 daktari Mwingereza, Robert Felkin, alishuhudia huko Kahura, Bunyoro, mganga wa kienyeji akimpasua tumbo mwanamke kijana aliyeshindwa kujifungua. Mganga aliosha mikono yake na tumbo la mama kwa mvinyo wa ndizi, akazuia damu kwa chuma cha moto, akalifunga jeraha kwa pini za chuma na nyuzi, kisha akalipaka dawa ya mizizi na kulifunga kwa jani la mgomba na kitambaa. Pini ziliondolewa kidogo kidogo katika siku zilizofuata. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limepona, na mtoto alikuwa hai. Katika Ulaya ya miaka ile wanawake wengi waliopasuliwa hivyo walikufa. Kupona kwa mama yule kulitokana na ustadi wa mkono, na pia na zile siku 11 alizolazwa akatazamwa.

Waganda nao wana jina lao kwa mwanamke aliyejifungua karibuni: humwita nnakawere, na jina hilo lina heshima zake na miiko yake. Mtoto huogeshwa kwa maji ya majani yaitwayo kyogero. Watu wa pwani nao humweka mzazi ndani siku arobaini, akakandwa, akanyweshwa uji wa pilipili manga, asiguse kazi. Hekima hiyo ipo toka zamani. Upungufu ulikuwa mahali pengine. Damu ilipotoka kwa wingi, homa ilipopanda au kifafa cha mimba kilipokuja, mara nyingi hapakuwa na mtu aliyejua la kufanya, na vifaa vilivyotumika havikuwa safi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni na wamisionari waliingiwa na hofu kwamba watu wa Buganda walikuwa wakipungua. Vilikuwa vimepita vita vya dini, ugonjwa wa malale uliokuwa ukiua maelfu kandokando ya ziwa, na njaa. Mwaka 1908 daktari wa jeshi la Uingereza, Kanali Lambkin, alitoa taarifa iliyodai kwamba kaswende imeenea sana nchini, na kwamba uhuru wa wanawake ulichangia. Mwaka 1913 pakaanzishwa kituo cha kutibu maradhi hayo katika kilima cha Mulago, nacho ndicho asili ya Hospitali ya Mulago tunayoijua. Dakt. Cook na mkewe waliamini taarifa ile na wakaieneza.

Inatupasa kusema kweli juu ya jambo hili, kwa maana sifa isiyo na kweli haimjengi marehemu. Utafiti wa wanahistoria wa miaka ya baadaye umeonyesha ya kwamba hofu ile ilitiwa chumvi. Buba na maradhi mengine ya ngozi mara nyingi yalihesabiwa kuwa kaswende. Wanawake walipimwa kwa njia zilizowavunjia heshima, na lawama ya vifo vya watoto ikawekwa juu ya tabia zao badala ya umaskini, vita na njaa. Bibi Cook alikuwa mtu wa zama zake, na makosa ya zama hizo yalimgusa. Ila kuna tofauti kati yake na waliobaki kulaumu tu. Yeye alijiuliza nani atakayekaa kando ya kitanda cha mzazi usiku, akaanza kumtafuta na kumfundisha mtu huyo.

SHULE YA WAKUNGA

Mara baada ya vita vile, wakati Sir Robert Coryndon alipokuwa Gavana wa Uganda, kati ya mwaka 1918 na 1922, Bibi Cook aliongoza kuanzishwa kwa shule ya wakunga pale Mengo. Ikapewa jina la mke wa Gavana, ikaitwa Lady Coryndon Maternity Training School. Hapo wasichana wa Kiafrika walifundishwa ukunga kwa utaratibu, wakafanya mitihani na kupewa vyeti.

Jambo hilo halikuwa jepesi. Kwa desturi ukunga ulikuwa kazi ya wanawake watu wazima waliokwisha kuzaa wenyewe. Msichana asiyeolewa kuingia katika chumba cha uzazi lilikuwa jambo la aibu, na wazazi wengi wasingependa binti yao aone mambo hayo. Isitoshe, mafunzo yalihitaji lugha. Bibi Cook na mumewe walikuwa wamekwisha kujifunza Kiganda, na kitabu cha ukunga kilitungwa kwa Kiganda, kiitwacho Amagezi Agokuzalisa. Msichana alijifunza kazi yake kwa lugha ya mama yake, na aliporudi kijijini aliweza kumweleza mzazi, bila mkalimani, kwa nini asiinuke upesi na kwa nini kitovu kisipakwe uchafu.

Waliofuzu hawakubaki wote Mengo. Wengi walipelekwa katika vituo vya uzazi vilivyofunguliwa mashambani, na Bibi Cook akawa msimamizi wao mkuu. Alisafiri kuvikagua vituo hivyo kama ofisa anavyokagua malindo yaliyo mbali na makao makuu. Kituo kama hicho kilikuwa na vitanda vichache, jiko, tangi la maji na mkunga mmoja au wawili. Mwanamke alikuja kabla ya siku yake, akajifungua, akapumzika, akaondoka mwenyewe kwa miguu yake akiwa na mtoto. Mumewe alipoona hivyo, mara ya pili hakuhitaji kushawishiwa.

Bibi Cook hakuwa peke yake katika kazi hiyo. Upande wa Wakatoliki, kule Nsambya, ambako askari polisi wengi wameishi katika kambi yao, Mama Kevin, mtawa kutoka Ireland aliyefika Uganda mwaka 1903 na kufariki mwaka 1957, naye alijenga huduma ya wagonjwa na wazazi. Vilima viwili hivyo, Namirembe na Nsambya, vilishindana katika dini, lakini mzazi aliyelazwa alipata faida ya mashindano hayo.

SIKU 10 ZA KITANDANI

Katika Uingereza ya wakati ule kanuni za wakunga zilimtaka mkunga amwangalie mzazi na mtoto kwa muda usiopungua siku 10 baada ya kujifungua. Wauguzi wa shule ya Katharine walimlaza mama kitandani siku nyingi, wakaamini ya kwamba kuinuka mapema ni hatari. Ujuzi wa leo umerekebisha sehemu ya fundisho hilo. Tangu miaka ya Vita Kuu ya pili madaktari walitambua kwamba kulala tu bila kusogea huifanya damu igande miguuni, na donge la damu likipanda hadi mapafuni laweza kumwua mtu ghafula. Kwa hiyo sasa mama huhimizwa kuinuka na kutembea kidogo kidogo baada ya saa chache, hata yule aliyepasuliwa.

Lakini kiini cha fundisho hakikubadilika: mzazi asiachwe bila wa kumwangalia. Vifo vingi vya wazazi hutokea katika saa 24 za kwanza, na muuaji mkubwa ni damu. Mji wa mimba unapaswa kukaza baada ya kondo kutoka. Usipokaza, mama aweza kuishiwa damu huku watu wakidhani amelala usingizi wa uchovu. Ndiyo sababu muuguzi huja kila mara kulishika tumbo, kuhesabu mapigo ya moyo na kutazama kitambaa. Mama huona anasumbuliwa. Kumbe huyo ndiye mlinzi aliye zamuni.

Shirika la Afya Duniani hushauri ya kwamba mama aliyejifungua salama kituoni abaki humo kwa saa 24 zisizopungua. Baada ya hapo yeye na mtoto waonwe tena kati ya saa 48 na 72, halafu kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena katika juma la sita. Aliyepasuliwa hukaa siku zaidi. Mji wa mimba huchukua kiasi cha majuma sita kurudi katika hali yake, na hapo mtu aweza kuona ya kwamba arobaini ya wazee wetu haikuwa upuuzi.

Mwaka 1932 Albert Cook alitunukiwa cheo cha Sir, na mkewe akaitwa Lady Cook. Miaka minane kabla ya hapo, tarehe 19 Novemba 1924, alizaliwa katika nyumba ya Dakt. Cook iliyoko Makindye mtoto aliyekuja kuwa Kabaka Mutesa II, kisha Rais wa kwanza wa Uganda, na ambaye kama askari alipata cheo cha kapteni katika kikosi cha Grenadier Guards cha Uingereza. Askari wengi wanaijua Makindye kwa kambi ya polisi wa jeshi tu. Basi wajue pia ya kwamba juu ya kilima hicho mke wa Kabaka alipata nyumba tulivu ya kujifungulia. Na kanuni ya kunawa mikono iliyomlinda mke wa mfalme ndiyo ile ile waliyofundishwa wasichana waliopelekwa kuwazalisha wake wa wakulima.

Lady Cook alifariki mwaka 1938, baada ya kuitumikia nchi hii kwa zaidi ya miaka 40. Mumewe alifuata tarehe 23 Aprili 1951. Wamezikwa Namirembe, karibu na kanisa kuu, kwenye kilima kile kile walichopanda wakiwa vijana.

WAJIBU WETU

Hatukuandika maisha haya ili wasomaji wapitishe wakati tu. Nchi yetu imepiga hatua. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba walikufa wazazi 336 katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha 189. Hata hivyo 189 si hesabu ya karatasi. Kila mmoja wao alikuwa mke wa mtu, na wengine walikuwa wake wa askari.

Twende basi katika makambi yetu. Wote tunazijua zile nyumba za bati za mviringo ambazo askari wenyewe wamezipa jina la mama ingia pole. Ndani yake kuna kitanda kimoja, pazia, jiko la mkaa na watoto. Mara nyingi tumeona mke wa askari akirudi kutoka hospitali asubuhi, na jioni ya siku hiyo yuko bombani na jerikeni la lita 20. Mume yuko zamu, au yuko operesheni mbali, au yuko kantini akipongezwa kwa kupata mtoto. Hakuna anayemkataza mama yule, na yeye mwenyewe huona haya kuomba msaada. Tunapenda kuuliza: je, askari aliyetoka kushonwa jeraha jana hupewa gunia abebe leo? Kamanda gani angalikubali?

Wengine huwahimiza wake zao watoke hospitali mapema kwa sababu ya gharama ya chakula au ya mtu wa kulala naye. Wodi zimejaa, na katika hospitali kubwa za serikali huonekana akina mama waliolala chini kwa kukosa kitanda. Hayo ni kweli, na serikali haina budi kuendelea kuyashughulikia. Lakini saa 24 za kwanza hazina badala. Heri kulala juu ya mkeka mahali penye mkunga, kuliko kulala juu ya godoro mahali pasipo na mtu anayejua damu ikizidi ifanyweje.

Na mama akisharudi nyumbani, zamu humwangukia mume. Dalili za hatari ni chache, na askari aliyeweza kukariri sehemu zote za bunduki yake hawezi kushindwa kuzikariri. Damu inayolowanisha vitambaa upesi upesi. Homa. Uchafu unaonuka. Maumivu makali ya kichwa, macho kuona giza, au kifafa. Mguu mmoja kuvimba na kuuma. Kupumua kwa shida. Kwa mtoto: kukataa kunyonya, mwili kuwa baridi au wa moto sana, kupumua mbio, ngozi kuwa ya manjano, kitovu kutoa usaha. Ikitokea mojawapo, usingoje mapambazuko. Mpeleke zahanati ya kambi au hospitali saa ile ile, na ofisa wa zamu aombwe gari bila haya.

Iko pia hatari isiyoonekana kwa macho. Mama aweza kushikwa na huzuni isiyokwisha, akalia bila sababu, akakosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, akajiona hafai. Huo si uvivu wala si uchawi. Ni ugonjwa, nao una matibabu. Asikemewe; apelekwe kwa mganga wa hospitali, na majirani wampokee mtoto ili apate kulala.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 ilimwekea mwanamke mfanyakazi likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi, na kati yake majuma yasiyopungua manne yawe baada ya kujifungua. Baba naye aliwekewa siku 4. Jeshi halimo katika sheria hiyo, nalo huendesha mambo ya likizo kwa taratibu zake. Hata hivyo kamanda mwenye busara hangoji sheria imwamuru kumpa ruhusa askari ambaye mkewe amelazwa. Na askari aliyepewa siku hizo asizitumie kunywa. Azitumie kuteka maji, kupika uji, kufua nguo za mtoto, na kukaa macho wakati mkewe anapolala. Kazi hiyo haimshushi mtu cheo.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Katharine Timpson aliutambua uchungu wa wanawake wa nchi isiyokuwa yake, akavuka bahari, akajifunza lugha, akaona hospitali yake ikiungua, akaanza tena. Alielewa ya kwamba kitanda peke yake hakimponyi mzazi. Humponya kikiwa na mtu kando yake. Wakunga aliowafundisha walilishika lindo hilo katika vituo vya mashambani, usiku hata asubuhi. Sasa zamu imefika mlangoni kwetu, katika nyumba zetu za bati. Tuipokee kwa utaratibu, na tusilale.